Ushanga Uliopotea Darasani

Kila siku alipotoka skuli, Mwanakheir alivua sare, akala wali wake jikoni, akasali adhuhuri, kisha akashuka kutandika mkeka katika chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi yake. Nyumba hiyo ilikuwa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, kwenye uchochoro mwembamba ambao pikipiki ikipita watu hujibanza ukutani. Kuta zake zilikuwa nene, na hata jua la saa nane halikuingia ndani. Hapo ndipo Bi Kazija, shangazi yake, alipowasomesha watoto wa mtaani kila mchana mpaka adhana ya alasiri.

Mwanakheir alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Wazazi wake walikaa Makunduchi, naye aliletwa mjini kusoma. Bi Kazija alimpokea kama mtoto wa tumbo lake. Mwaka huo watoto wa darasa la mchana waliongezeka, kwa hiyo Bi Kazija akabaki na wakubwa katika chumba cha mbele, akamkabidhi Mwanakheir wale wadogo kabisa awafundishe kuhesabu kwa Kiingereza. Mwanakheir alijivunia kazi hiyo. Watoto walimwita Ticha, na wakikutana naye dukani walimpa shikamoo kama mtu mzima, naye akawajibu marahaba bila kucheka.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Watoto walijua kuimba. Ukiwaambia wahesabu, walipaza sauti pamoja, "one, two, three," mpaka "ten," bila hata kuvuta pumzi. Lakini Mwanakheir alipowawekea bati la kokwa za ukwaju na kuomba "four," mmoja alimletea mbili na mwengine akamletea konzi nzima. Maneno yalikuwa wimbo tu kwao. Bi Kazija alimshauri asiwakemee. Alimwambia kwamba kila mtoto aguse kokwa moja kwa kila neno, kidole na mdomo viende pamoja. Na wale waliosema "tirii" awakumbushe namna wanavyosema thelathini nyumbani, kwani ulimi unakaa pale pale.

Kati ya watoto hao alikuwapo Salhiya, binti wa miaka sita aliyekaa uchochoro wa pili na mama yake. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na "three" yake ilitoka na upepo mwingi, lakini hakuna aliyemshinda. Alikaa mbele kabisa na akajibu kabla wenzake hawajamaliza kusikia swali.

Wengine walichoka upesi. Kokwa za ukwaju ni nyeusi, hazina mvuto, na baada ya muda watoto walianza kurushiana. Mwanakheir akatafuta kitu kitakachowafanya watulie. Ndipo alipokumbuka kijisanduku cha mbao kilichokuwa kabatini, ghorofani, katika chumba cha Bi Kazija. Ndani yake mlikuwa na shanga nyekundu za marijani, ndogo, zilizozidi punje ya pilipili manga kidogo tu. Zilikuwa za mkufu wa marehemu bibi yake, na uzi wake ulikatika zamani. Bi Kazija alikuwa akisema siku zote kwamba atampelekea sonara azitunge upya, apate kuzivaa binti yake Zuleikha, aliyekuwa akisoma chuo kikuu Tunguu, siku ya harusi yake.

Mwanakheir hakuomba ruhusa. Alijiambia kwamba anaazima tu, na kwamba kila siku atazirudisha kabla shangazi hajapanda juu. Akachukua shanga ishirini, akazimimina katika kisahani cheupe, akashuka nazo.

Watoto walipoziona walinyamaza wote. Mwanakheir alifurahi, lakini papo hapo akaingiwa na hofu, akasema kwa ukali ambao hata yeye hakuuzoea:

"Hizi si za kuchezea. Atakayepoteza hata moja, namtoa darasani na harudi tena. Na habari za shanga hizi zisitoke humu ndani. Mmesikia?"

Watoto wakaitikia kwamba wamesikia.

Tangu siku hiyo darasa lilibadilika. Kila mtoto alisubiri zamu yake ya kusogeza shanga kisahanini, akigusa moja moja na kutaja. Wakavuka "ten," wakaingia "eleven" na "twelve," maneno mawili yasiyofanana na chochote walichokijua. Ilipofika "thirteen," Mwanakheir aliwaeleza kwamba sisi tunasema kumi na tatu, kumi kwanza, lakini Mwingereza anaitaja ile tatu kwanza na kumi anaifuatisha nyuma. Aliandika kumi na tatu na thelathini ubaoni, akawafundisha kusikiliza mwisho wa neno: "thirteen" inavutwa, "thirty" inakatwa. Wengi walibabaika. Salhiya hakubabaika hata kidogo. Hata Mwanakheir alipowapa mgongo na kusema kwa sauti ndogo, Salhiya alionyesha namba iliyo sawa.

Mara nyingine Dilshad alikuja kumsaidia. Dilshad alikuwa mwanafunzi mwenzake, binti wa muuza vitambaa wa mtaa huo, na walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Yeye alipenda kuzikusanya shanga somo linapokwisha. Siku moja alizimimina kiganjani, akazitazama na kusema kwamba zingetengenezwa bangili zingependeza sana. Mwanakheir alicheka, hakuona neno baya.

Siku iliyofuata, watoto walipoondoka na Dilshad akawa ameshakwenda kwao, Mwanakheir alizihesabu shanga kabla ya kuzirudisha. Zilikuwa kumi na tisa. Alihesabu tena kwa Kiswahili, akahesabu kwa Kiingereza, na hesabu haikubadilika. Akaukung'uta mkeka, akapapasa chini ya dirisha, akaingiza vidole katika nyufa za sakafu. Alitoka na vumbi na kokwa moja ya ukwaju.

Bi Kazija alimwita kutoka chumba cha mbele kumuuliza anatafuta nini.

"Naam, shangazi. Natafuta chaki," alijibu Mwanakheir.

Uongo huo ulimtoka wepesi kuliko alivyotarajia. Alipanda juu, akazirudisha shanga kumi na tisa kijisandukuni na kulifunga kabati. Lau angesema ushanga umepotea, ingebidi aseme pia kwamba alizichukua bila ruhusa. Aliogopa shangazi angemrudisha Makunduchi. Basi akaamua kumtafuta mwizi mwenyewe, kimya kimya.

Mtu wa kwanza aliyemjia akilini ni Dilshad. Ndiye aliyezikusanya, na ndiye aliyetaja bangili. Kesho yake skuli, Mwanakheir hakusikiliza masomo. Alimtazama Dilshad mikono, alimtazama mfuko wa sare. Dilshad alipofunga zipu ya mkoba wake kwa haraka, Mwanakheir aliona hiyo ni dalili. Dilshad aliponyamaza, aliona ni dalili pia, na alipocheka na wenzake akaona anajifanya. Wakati wa mapumziko, wenzake wote wakiwa nje, aliufungua mkoba ule na kuupekua. Alikuta madaftari, kitana, na chapati iliyofungwa karatasi.

Alipoinua kichwa, Dilshad alikuwa mlangoni.

Mwanakheir alijaribu kueleza, akajikuta anauliza badala ya kuomba radhi. Akamuuliza kama hajauona ushanga mmoja. Dilshad alikuja, akauchukua mkoba wake, akaufunga.

"Ungeniuliza, ningekufungulia mwenyewe," alisema. "Sasa usinisemeze."

Siku hiyo Dilshad hakuja Kiponda, wala siku zilizofuata. Mwanakheir alihuzunika, lakini shaka haikumtoka. Ilihama tu, ikatafuta mtu mwengine.

Haikuchukua muda kumpata. Salhiya alikuwa amebadilika. Hakuwa wa kwanza kujibu tena. Mwanakheir alimwita jina akiwa nyuma yake na mtoto hakugeuka, kama kwamba hakuitwa yeye. Alipoulizwa swali aliinamisha kichwa upande mmoja na kumkodolea Mwanakheir macho mdomoni. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya mtandio muda wote, kama anayeficha kitu. Na alipoambiwa aonyeshe "thirteen," yeye aliyekuwa hakosei akaonyesha thelathini. Wenzake wakacheka. Akaulizwa mara ya pili, akaonyesha thelathini tena.

Mwanakheir aliona moyo wake umepata jibu. Mtoto huyu anajua, alijiambia. Ana ushanga wangu, na sasa ananifanyia makusudi ili nimtoe darasani kwa ujinga, nisimtoe kwa wizi. Kila alichokifanya Salhiya kilizidi kumthibitishia. Mtoto akikaa kando wakati wa mchezo, ana siri. Akikataa kuvuliwa mtandio, ndimo alimoficha. Akitoka mbio somo linapokwisha, anawahi kuficha nyumbani.

Siku moja alimbakisha wenzake walipoondoka. Akaukagua mfuko wake wa madaftari, akaikunjua mikono ya gauni lake, akatazama ndani ya viatu. Hakupata kitu. Akapiga magoti mbele yake na kumuuliza kwa sauti ya chini, ili Bi Kazija asisikie, ushanga ameupeleka wapi. Salhiya alimtazama mdomoni kwa muda mrefu. Machozi yakamjaa.

"Usinitoe, Ticha," alisema. "Mimi nataka kusoma."

Mwanakheir aliyasikia maneno yale kama kukiri. Asiye na kosa, alijiambia, angesema hajui. Akamwambia aende, na kwamba asipourudisha yatamfika mabaya. Salhiya aliondoka akiwa amejifunika mtandio mpaka shavuni.

Jioni ile Mwanakheir alimwambia shangazi yake kwamba Salhiya amekuwa mkaidi, haitiki anapoitwa na anajibu ovyo makusudi. Alishauri arudishwe nyuma kabisa ya darasa. Bi Kazija alikuwa akichambua mchele. Aliacha, akauliza mtoto ameanza lini mambo hayo, na kama nyumbani kwao kuna jambo. Mwanakheir akasema hajui. Bi Kazija alisema hatamrudisha mtoto nyuma kabla hajazungumza na mama yake. Kisha akaongeza, kama anayezungumzia jambo jengine kabisa, kwamba Zuleikha amepiga simu, harusi imepangwa, na Ijumaa ataichukua ile marijani ampelekee sonara.

Usiku ule Mwanakheir hakuweza kumaliza chakula chake.

Salhiya hakuja darasani siku iliyofuata, wala ya pili yake. Mwanakheir alijiambia kwamba mwizi amekimbia. Lakini Alhamisi, kabla watoto hawajaingia, hodi ilipigwa kwa nguvu. Alikuwa Bi Rukaiya, mama yake Salhiya, kashika mkoba wake kifuani na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Bi Kazija alimkaribisha, lakini hakutaka kukaa.

Alieleza kwamba mwanawe ana homa na sikio linamuuma, hataki liguswe, na tangu asubuhi linatoa maji yenye harufu. Jirani amemshauri apashe mafuta ya nazi moto amtie sikioni, naye ameyaacha jikoni yanapoa. Ila kabla ya kumtia ametaka kuuliza jambo moja. Akamgeukia Mwanakheir.

"Mtoto wangu akisikia jina lako anajificha chini ya shuka. Nnakuuliza kwa wema. Umempiga?"

Mwanakheir alisema hakumpiga. Alisema kweli, lakini aliona wazi kwamba Bi Rukaiya hamwamini. Mama yule alimtazama mikono, alimtazama usoni, akaupima kila ukimya wake. Mwanakheir alilitambua jicho lile. Ndilo alilomtazamia Dilshad, na ndilo alilomtazamia Salhiya. Alijiona amesimama mahali walipokuwa wamesimama wao, na kila alichotaka kusema kilionekana ni cha mtu mwenye hatia.

Hapo akakumbuka mkono ulioingia chini ya mtandio. Akakumbuka kichwa kilichoinama upande mmoja, na jina lililoitwa nyuma ya mtoto asigeuke. Mtoto aliyekuwa akisikia mwisho wa neno hata likisemwa kwa sauti ndogo alikuwa anatazama midomo, na "thirteen" na "thirty" ukizitazama mdomoni zinafanana.

Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angeweza kunyamaza, mama yule angekwenda zake, na mafuta yangetiwa.

"Bi Rukaiya, usimtie mafuta," alisema hatimaye. "Nnadhani ana ushanga sikioni. Shangazi, nilichukua marijani ya bibi kijisandukuni, nikawafundishia. Mmoja umepotea, nami nikaficha."

Bi Kazija alichukua buibui lake ukutani. Alimwambia mmoja wa wanafunzi wakubwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, awarudishe wadogo makwao, akamwambia Mwanakheir avae mtandio wafuatane.

Walimkuta Salhiya amelala ubavu, uso umevimba kwa kulia. Wakamchukua hospitali wote watatu. Njiani Bi Rukaiya alimbeba mwanawe na hakumsemesha Mwanakheir. Salhiya alipomwona alijificha begani kwa mama yake, na hilo lilimchoma Mwanakheir kuliko karipio lolote.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Alimkalisha mtoto mapajani mwa mama yake, akawasha taa ndogo na kutazama. Akasema kweli kuna kitu, chekundu, kimekwama ndani, na ngozi imevimba kukizunguka. Bi Rukaiya aliulizwa kama ametia kitu chochote, akasema alikuwa karibu kutia mafuta. Daktari alisema ni bahati hakufanya hivyo, na ni bahati zaidi kwamba hakuna aliyechokoa kwa kijiti wala kwa pini ya nywele. Kitu kikiingia sikioni, alieleza, watu wakikichokoa hukisukuma ndani zaidi, na wanaweza kupasua kiwambo, ile ngozi nyembamba inayomwezesha mtu kusikia. Dawa yake ni kumwahi daktari. Kingeachwa siku nyingi zaidi, usaha ungeweza kumharibia mtoto usikivu wake.

Akachukua chombo chembamba chenye ndoana ndogo. Bi Rukaiya alimshika mwanawe kichwa, Bi Kazija akamshika miguu. Salhiya alilia mara moja kwa sauti, kisha daktari akaangusha ushanga katika kibakuli cha chuma, nao ukalia.

Mtoto alipotulia na kutiwa dawa, daktari alimuuliza taratibu uliingiaje. Salhiya alieleza huku akimtazama mama yake. Yeye hajatogwa masikio. Mama ana vipuli vyekundu, na shanga zile zilikuwa nyekundu vile vile, basi alitaka kujaribu kama zitampendeza. Aliushikiza sikioni, ukateleza. Akautafuta kwa kidole, ukazidi kuingia.

"Kwa nini hukumwambia Ticha wako?" daktari aliuliza.

"Alisema atakayepoteza harudi tena," alijibu Salhiya.

Mwanakheir alitazama sakafu. Kisha akasogea, akapiga magoti mbele ya kiti upande wa sikio zima, ili mtoto amsikie, akamwambia kwamba hatamtoa darasani, hakuwa na haki ya kumtoa, na kwamba mwenye makosa alikuwa yeye Ticha. Akamwomba radhi. Akamwomba radhi na Bi Rukaiya pia. Bi Rukaiya akasema kwamba amemsamehe kwa kuwa amesema mwenyewe, ila atakuwa akija kutazama darasa mara kwa mara. Bi Kazija akasema hiyo ni haki yake na mlango uko wazi.

Salhiya alipewa dawa ya matone na dawa ya kunywa, akaambiwa sikio lisiingie maji mpaka lipone. Siku alizokaa nyumbani, Mwanakheir alikwenda kwao kila alasiri baada ya darasa la mchana, akakaa naye barazani akihesabu pamoja naye kokwa, vifungo, hata vidole vya miguu. Mwanzoni mtoto alijibu akiwa ameganda ubavuni kwa mama yake. Baadaye akaanza kusogea. Sikio lilipofunguka, Mwanakheir alimpa mgongo, akasema "thirteen" kwa sauti ndogo, na Salhiya akamjibu sawa kabla hajageuka.

Kwa Dilshad haikuwa rahisi hivyo. Mwanakheir alikwenda dukani kwa baba yake, akamweleza kila kitu mbele ya majora ya vitambaa, na akakiri kwamba alimdhania wizi bila sababu. Dilshad alisikiliza, akasema amemsikia, akaendelea kukunja kitambaa. Wiki nzima walikaa madawati tofauti. Halafu siku moja Dilshad alifika Kiponda mchana, akavua viatu mlangoni na kuuliza leo wadogo wamefika namba ngapi. Hawakulizungumza jambo lile tena, lakini Mwanakheir hakugusa mkoba wa mtu mwengine tangu hapo.

Adhabu aliyoingojea kwa shangazi yake haikuja kama alivyodhani. Ijumaa ile Bi Kazija alimchukua kwa sonara, akamfanya ahesabu shanga zote mbele ya mzee yule, na yeye mwenyewe aeleze kwa nini mmoja umeoshwa kwa dawa ya hospitali. Walipotoka walitembea mpaka karibu na nyumbani. Hapo Mwanakheir akauliza swali lililokuwa likimkera: je, atarudishwa Makunduchi?

Bi Kazija alisimama, akaketi kwenye baraza ya jirani, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyokuwa ubavuni mwake ili naye akae.

"Hapana. Kesho utafundisha," alisema. "Nakupa watoto wale wale, nami nitakaa mlangoni niwe nakusikiliza. Lakini nataka ujue ulipokosea. Kuchukua bila ruhusa ni kosa, nalo lingekwisha siku ile ile ungeniambia. Wewe ukalificha, na kwa sababu ulikuwa na lako la kuficha, ukamwona kila mtu anaficha. Mwenzio akifunga mkoba, mwizi. Mtoto akiumwa, mwizi. Ulikuwa na dalili zote mkononi, Mwanakheir, ila uliuliza nani kachukua, hukuuliza mtoto huyu ana nini."

Mwanakheir alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema amefahamu.

"Na neno la mwisho," aliendelea Bi Kazija. "Mtoto mdogo akikosa, mwalimu ndiye awe mtu wa kwanza atakayemkimbilia. Ukimtisha, atakaa na maumivu yake mpaka yamdhuru. Hesabu za Kiingereza watazijua tu, leo au kesho. Wafundishe kwanza kwamba wakikwambia kweli hawataumia."